Ndege Wawili Juu ya Tao

Juzi jirani yangu hapa Katelembo alikuwa anapaka ukuta wake chokaa. Sisemi rangi hizi za ndoo, nasema chokaa yenyewe, ile ya kumwagiwa maji kwenye pipa ikachemka na kutoa moshi. Harufu ilipofika sebuleni kwangu nilifunga madirisha yote, saa saba mchana, jua la kuua mtu, nikakaa ndani natokwa na jasho kama mjinga. Binti yangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia vumbi. Mimi kwa uongo wa haraka sijambo, nao ndio ulioniletea kisa hiki ninachotaka kukitoa moyoni, maana huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike Baba na sina tena mtu wa kumwomba msamaha.

Baba alikuwa fundi wa plasta. Mjini Machakos, mtu aliyetaka ukuta wake ulale sawa alimtafuta Mutua, ambaye baada ya kusilimu aliitwa Isa, na watu wakayaunganisha majina wakamwita Isa Mutua. Alisilimu ili amwoe Mama, ambaye ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini, na jambo hilo likamtenganisha na baba yake mzazi. Babu alikuwa mchonga vinyago. Alichonga twiga, alichonga vifaru, lakini sifa zake zilikuwa za ndege, na Baba alikuwa amefundishwa kazi hiyo tangu akiwa mdogo. Aliposilimu akaambiwa kuchonga viumbe hakufai. Akazikusanya patasi zote alizopewa, akazirudisha, akaziweka mlangoni kwa babu bila kuingia ndani. Babu hakumsemesha tena hadi alipokufa. Mimi niliyajua hayo nikiwa mkubwa. Utotoni nilichokijua ni kwamba kwa susu, nyanya yangu, kulikuwa na ndege wa mti kwenye rafu, na kwamba Baba akiingia hakugeuka upande ule.

Nilikuwa na miaka tisa na darasani nilikuwa wa mwisho. Si wa karibu na mwisho, wa mwisho kabisa. Mwalimu wetu alikuwa na sheria yake: ukikosea jibu, kiboko kimoja, ukiacha nafasi wazi, vitatu. Mlioenda shule miaka yangu mnaijua hesabu hiyo. Kwa hiyo nilijifunza kujaza. Liwe swali la hesabu au la mito ya Afrika, nilijaza chochote kilichokuja kichwani, ilmradi karatasi isibaki nyeupe.

Baba naye alikuwa ameanza mambo mapya. Tukienda sokoni ananiambia, "Mwaitu, hebu soma pale kumeandikwa nini." Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu", aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Mumbua. Mara aniulize lile gari ni la rangi gani, mara yule anayekuja ni nani. Kila tulipotembea aliniwekea mkono begani. Nikaamini mambo mawili: kwamba ananifanyisha mtihani ili nisirudie darasa, na kwamba kati ya watoto wake wanne mimi ndiye anayenipenda kuliko wote. Nilivimba kichwa, nawaambia. Nilikuwa nikipita na mkono wa Baba begani nawatazama ndugu zangu kwa dharau.

Basi kulikuwa na mjane mmoja wa pwani, Bi Zuhura, aliyeletwa Machakos akiwa bi harusi, akauza leso na mafuta mazuri kwenye duka la kona hadi nywele zikawa nyeupe. Mumewe alipofariki alitaka kumtolea sadaka: ua wa mawe kando ya msikiti mdogo wa mtaani kwetu, mahali pa watoto kusomea madrasa na wanawake kupumzikia. Hakutaka ua wa bloki. Alitaka ua kama ule wa jumba la masultani lililo msituni karibu na kijiji alikozaliwa, jumba la zamani sana, lililobaki kuta tu. Mafundi wawili walimchorea, akazikataa karatasi zao. Akamwita Baba.

"Fundi Isa, mimi miguu hainibebi tena," alimwambia tukiwa tumekaa kwenye benchi la duka lake. "Nenda wewe kwa niaba yangu. Wala sitaki picha. Picha haikwambii kimo, wala ile baridi ya mle ndani. Nenda ukaone kwa macho yako."

Baba akanishika bega. "Nitaenda na huyu msichana wangu," akasema. "Ako na akili ya kukumbuka vitu."

Mimi, wa mwisho darasani. Nusura nianguke kutoka kwenye benchi kwa furaha. Mama alisema ni upuuzi kumtoa mtoto shuleni akapande basi siku nzima, lakini Baba alishikilia, na Baba hakuwa mtu wa kushikilia mambo. Safari yenyewe sina la kusema, nilitapika kuanzia Mtito Andei.

Tuliingia kwenye lile jumba asubuhi, kabla ya wageni wengine. Mlinzi wa getini alitukatia tiketi, akaniuliza kama nawaogopa nyani, akarudi kwa chai yake. Njia ilipita chini ya miti minene iliyokuwa imeteremsha mizizi juu ya kuta ikazikumbatia, usijue ni mti unaoubeba ukuta au ni ukuta unaoubeba mti. Kulinukia majani yaliyooza na popo. Mawe yalikuwa ya kijivu, yana vitundu vitundu, na ukiyaangalia kwa karibu uliona alama za kombe za baharini zimeganda ndani yake. Mkono wa Baba ulikuwa begani kwangu na vidole vilibana hadi nikaumia.

"Kuna ngazi?" akauliza.

"Ziko tatu. Za kushuka."

Ua ulikuwa chini kuliko njia. Tuliposhuka, kelele za msitu zilibaki juu, na baridi aliyoisema Bi Zuhura ikatupokea miguuni. Sikuwahi kuona mahali kama pale. Palikuwa hapana paa, hapana mlango, hapana hata kiti, lakini nilijikuta naongea kwa sauti ya chini kama niko msikitini. Kuta mbili ndefu zilielekeana, na kila moja ilikuwa na vidaka, yaani vile vishimo vya kuwekea taa, vimepangwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kila kimoja na kichwa chake kilichochongoka. Chini ya vidaka kulikuwa na benchi la mawe lililofuata ukuta, ambapo watu waliokuwa na kesi walikaa kusubiri sultani awaite. Sakafuni kulipita mfereji mwembamba wa maji ulioelekea kisimani. Na mbele, palipokuwa pa kuingilia barazani, lilisimama tao. Lilipanda moja kwa moja pande zote mbili, refu kuliko nyumba yetu, halafu juu huko likajikunja polepole likakutana kwa ncha. Mawe matupu na chokaa, bila chuma hata kimoja, na lilikuwa bado limesimama huku walioishi humo hata majina yao hayajulikani.

Baba aliupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili. Alipofika kwenye kipande cha plasta ya zamani iliyobaki chini ya tao, aliisugua kwa kidole, akakilamba kidole.

"Hawa watu walikuwa mafundi," akasema. "Sisi wengine tunapaka matope tu."

Macho yake yalikuwa yanatoka machozi. Nikadhani ni vumbi la popo. Akakaa kwenye benchi la mawe, akatoa penseli na kijikaratasi, akanipa mimi niandike, na mtihani ukaanza.

"Vidaka ni vingapi upande huu?"

"Sita."

"Na upande ule?"

"Sita."

"Nenda upime kimoja kwa mkono wako. Shibiri ngapi upana? Ngapi kwenda juu?"

Nilipima. Nilipima vyote kumi na viwili. Nilipima benchi, nikapima mfereji, nikapima nguzo za tao kwa dhiraa, nikilaza mkono wangu kuanzia kwenye kiwiko mara moja, mara mbili, na kila jibu nililoleta Baba alisema, "Safi sana, mwaitu." Nataka ieleweke kwamba yote hayo nilimwambia kweli. Sijawahi kufanya kazi kwa uaminifu kama asubuhi ile. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa napata maswali yote, na nilitaka yasiishe.

Ndipo akauliza, "Na juu ya tao? Pale juu ya ncha, kuna nini?"

Niliangalia. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na plasta tupu iliyobanduka banduka. Na mimi, mtoto wa viboko vitatu, niliona nafasi wazi.

"Kuna ndege," nikasema. "Wawili. Wanaangaliana."

Baba aliinua uso. "Ndege wa kuchongwa?"

"Wa kuchongwa."

"Mumbua. Una hakika?"

Hapo ndipo ningeweza kujirudi. Alikuwa ameniita jina langu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Lakini aliniuliza kwa namna ambayo niliona anataka sana jibu liwe ndiyo, na mtoto huliona hilo haraka kuliko anavyoona kitu kingine. "Ndiyo, Baba. Wako na mikia mirefu."

Aliweka mikono magotini. Kisha akasema, lakini si kwangu, "Kumbe. Kwenye nyumba ya sultani. Na walikuwa na mashehe wao hapa, watu waliosoma." Akacheka kidogo. "Kumbe mimi ndiye sikujua." Njia nzima ya kurudi hakulala, na mara mbili aliniuliza mikia ilielekea wapi.

Kazi ilichukua miezi. Kioko, msaidizi wake, alijenga kuta kwa vipimo vyangu, na ua ukatoka. Nasema ukatoka. Watu waliokuja kuswali walisimama na viatu mkononi wakitazama vidaka vikipanda kimoja kimoja. Juma la mwisho Baba akampa Kioko mapumziko, akafunika tao kwa turubai, akapanda kwenye jukwaa la mbao peke yake. Mimi nilikuwa chini nikimpandishia chokaa kwa karai. Alifanya kazi kwa vidole na kijiko cha nyumbani, macho ameyafumba, akiimba wimbo wa Kikamba ambao sikuwahi kumsikia akiuimba. Nilidhani ananionyesha ufundi. Shingo ikatokea, kisha kifua, kisha bawa lenye manyoya yake yote. Walikuwa ndege walewale wa kwenye rafu ya susu.

Wakati huo nilikuwa nimeshafundishwa madrasa habari za sanamu. Nilisimama na karai kichwani nikafungua mdomo niseme, na kabla sijasema Baba akaongea kutoka juu.

"Babu yako angeiona hii, mwaitu, tungeongea."

Nikaufunga mdomo wangu.

Siku ya kuufungua ua ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Bi Zuhura aliletwa akijikongoja na bakora yake. Alishuka ngazi tatu, akagusa ukuta, akakaa kwenye benchi, akalia kwa furaha, wanawake wakamshika. Alimwambia Baba, "Umenirudisha kwetu, mwanangu. Mungu akulipe." Sikuwahi kumwona Baba amesimama wima namna ile. Halafu Kioko akavuta kamba, turubai likaanguka.

Nilisikia mtoto mmoja akisema, "Ndege," kisha mama yake akamziba mdomo.

"Fundi," Bi Zuhura akasema, "hawa ni nini?"

"Ndivyo lilivyo kule, Bi Zuhura. Juu ya tao."

"Nimezaliwa pale. Nimecheza pale kila siku ya utoto wangu. Pale juu ya tao hapana kitu."

Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini kila mtu alisikia, "Mkamba ni Mkamba tu. Ametuletea vinyago vyao hadi msikitini." Nawaambia, miaka yote hii nimekutana na mtu huyo sokoni na sijawahi kumwitikia salamu. Lakini yeye alisema tu alichokiona. Aliyewaweka ndege pale nilikuwa mimi.

Baba aligeuza uso kunitafuta. Uso wake ulipita kwangu, ukaenda ukasimama kwenye nguzo iliyokuwa kando yangu, na akaitazama ile nguzo kama ananitazama mimi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

"Ni mimi," akawaambia. "Nimeongeza mwenyewe. Nisameheni. Nitawatoa sasa hivi."

Akaomba nyundo na patasi. Akapanda jukwaani mbele ya watu wote, wakiwa wamevaa kanzu zao za Ijumaa, akampapasa ndege wa kwanza kuanzia kichwani hadi mkiani. Huyo alimvunja vizuri, kwa sababu mkono ulikuwa unamjua. Wa pili nyundo ilikosa patasi ikampata kidole gumba. Akapiga tena, ikampata tena. Akapiga ukuta mtupu, mbali na ndege, akapiga tena palepale, damu inashuka kwenye chokaa nyeupe, na ndege amekaa salama hatua moja pembeni. Kioko akapanda akamshika mikono.

"Isa," Bi Zuhura akaita kwa upole. "Tangu lini huoni?"

"Naona, mama. Naona kidogo."

"Nimeinua vidole vingapi?"

"Vitatu," Baba akasema.

Bi Zuhura hakuwa ameinua kidole. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya bakora.

Tuliondoka tukiwa wawili tu, mkono wake begani kwangu, na sasa nilijua ni mkono wa nini. Tulipofika kwenye njia ya mihindi, mahali pasipo na watu, akasimama. "Mwaitu, sitakuchapa. Niambie tu. Kulikuwa na ndege?"

Nilimtazama. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa, na chokaa bado iko kwenye nyusi. Ningesema hapana, angekuwa ameaibishwa mbele ya mji mzima kwa ajili ya uongo wa mtoto, na babu angekuwa amekufa na kinyongo chake bure. Ndivyo ninavyojitetea leo. Ukweli ni kwamba niliogopa tu.

"Walikuwa, Baba."

Akashusha pumzi. "Basi Bi Zuhura amesahau. Ni umri. Si kosa lake."

Hospitali walisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa sana. Kazi hazikuja tena. Wengine walisema hawawezi kumpa kipofu nyumba yao, wengine walisema maneno ya vinyago, na Mama akaanza kukaanga mandazi ili tule. Baba aliacha kwenda kwenye msikiti ule. Aliswali nyumbani, kwenye mkeka kando ya kitanda. Lakini msidhani alikuwa mtu aliyevunjika. Hilo ndilo linalonitesa. Alinipeleka kwenye kaburi la babu, nami nikamwongoza hadi kwenye jiwe, akachuchumaa akamweleza kwa Kikamba kwamba ndege wake wako kwenye nyumba ya sultani, wamekaa pale tangu kale, na kwamba wote wawili walikosea kukasirikiana. Alimwomba susu yule ndege wa rafuni, akakaa naye nje ya mlango miaka na miaka. Mgeni akija, alimweleza habari za ule ua wa msituni, vidaka sita huku na sita kule, mfereji, baridi ya miguuni, na ndege wawili juu ya tao. "Huyu hapa aliwaona," alikuwa akisema, akielekeza mkono upande niliko. Nami nilikuwa naitikia.

Alipoanza kuumwa mara hii ya mwisho nilijiapia kwamba nitamwambia. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nimeshika dini yangu. Nisingemwacha aende na uongo wangu. Nilienda Jumatatu mchana. Mama alikuwa nje anaanua nguo. Baba alikuwa amebaki mifupa, amelala ubavu, akanijua kwa hatua zangu.

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia. Kuhusu kule pwani."

"Niambie," akasema, na uso wake mzima ukafurahi. "Nielezee tena, mwaitu. Anza na ngazi."

Nikaanza na ngazi. Nikamshusha zote tatu, nikampitisha kwenye ukuta wa vidaka, nikamkalisha kwenye benchi, nikamwekea mkono wake mfereji ulipopita. Nilipofika kwenye tao nikalipandisha pande zote mbili hadi likakutana juu, na hapo nikanyamaza. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni. Alisubiri kwa muda, kisha akasema polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto asiyejua jibu, "Na juu ya ncha?"

"Ndege wawili," nikasema. "Wanaangaliana."

"Maskini Bi Zuhura," akasema. "Hakuwahi kuinua macho." Akafa Alhamisi, na hakika yake yote moyoni.